Kito ni cha Nani?

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Bibi mzaa mama aliihifadhi ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda chake huko Msambweni, pwani ya Kenya, pamoja na kadi za kliniki, karatasi za shamba na kitambaa kilichofungwa fundo. Siku aliyonionyesha aliifuta kwanza kwa pindo la leso, kisha akaishika kingoni kwa ncha za vidole viwili asije akaiachia alama.

Ndani yake kuna msichana wa miaka kumi na saba. Amekaa kitini, mgongo wima, na nyuma yake pana pazia lililochorwa nguzo na ngazi za jumba la fahari. Mtandio umerudi nyuma mpaka utosini. Macho hayatazami kamera; yametua chini, upande wa kushoto, kama ya mtu anayesikiliza neno linalosemwa chumba cha pili. Puani ana kipini. Masikioni ana vipuli. Kila mkono una kikuku kinene cha fedha. Shingoni pana mkufu mwembamba wa dhahabu, na juu ya mkufu huo uzi mrefu wa lulu unaoshuka mpaka kiunoni.

Ilipigwa mwaka 1962, wiki chache kabla ya harusi yake, siku babake alipomvusha feri ya Likoni kumpeleka studio mjini Mombasa. Msichana huyo ndiye bibi.

"Bibi, mapambo yote haya yalikuwa yako?" nikamwuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Kila kimoja kina mwenyewe, mjukuu wangu. Uliza kimoja kimoja."

Nilikuwa nimesoma vitabu vya sanaa kwa miaka mingi, nikatazama mamia ya picha za wanawake waliopambwa, na sikuwahi kuuliza hivyo: kimoja kimoja, mpaka mwenyewe apatikane. Tangu siku ile nauliza. Majibu ya bibi nitayafikia. Kabla ya hapo inafaa tuende London, kwa wachoraji waliopenda kuchora wasichana wenye vito kuliko karibu kundi lolote lingine la karne ya 19, tukawaulize wao kwanza.

Vijana saba na rangi nyeupe

Mwaka 1848, mmishonari Johannes Rebmann alitoka Rabai akaenda bara, akaiona theluji ya Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini. Mwaka huohuo, mjini London, vijana saba waliunda chama walichokiita Udugu wa Kabla ya Raphael. Walioongoza ni watatu: Dante Gabriel Rossetti, John Everett Millais na William Holman Hunt. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametimiza miaka 22.

Ugomvi wao ulikuwa na chuo cha sanaa cha kifalme, Royal Academy. Chuoni walifundishwa kwamba Raphael, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1520, ndiye kipimo cha kila kitu, na kwamba mchoraji mzuri husawazisha alichokiona mpaka kilingane na alivyofundishwa. Vijana hao wakasema hapana. Walitaka kurudi kwa wachoraji waliomtangulia Raphael, waliochora jani kama jani na uso kama uso wa mtu fulani. Kwa hiyo Millais alipotaka kumchora Ophelia, binti aliyezama mtoni katika tamthilia ya Shakespeare, alikwenda kwanza kando ya mto katika jimbo la Surrey mwaka 1851, akakaa huko kwa miezi akichora majani na maua jinsi yalivyoota. Majira ya baridi yalipofika alirudi London na kumlaza Elizabeth Siddal ndani ya beseni la maji, amevaa gauni la kale lenye nakshi za fedha. Maji yalipashwa moto kwa taa zilizowekwa chini ya beseni. Siku moja taa zilizimika, mchoraji hakuona, na msichana hakusema neno. Akaugua, na babake akamdai Millais gharama za daktari.

Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho cha wasanii. Mimi sikioni hivyo. Nakiona kama jambo la kwanza la kujua kuhusu picha hizi: uzuri tunaoutazama ulikuwa na mwili ndani yake, na mwili huo ulihisi baridi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ufundi. Picha zao zinang'aa, hata leo, kwa namna inayomfanya mtazamaji adhani kuna taa nyuma ya turubai. Siri ilikuwa nyeupe. Wengi wa wakati wao walianza na tabaka la rangi ya kahawia, lakini Millais na Hunt walipaka tabaka jeupe, na mara nyingine walichora juu yake likiwa bado bichi, kipande kidogo kwa siku, kwa rangi nyepesi. Mwanga ulipenya rangi, ukagonga weupe ulio chini, ukarudi jichoni. Ndiyo sababu lulu katika picha zao huonekana na maji, na kipande cha marijani huonekana kama kimelowa.

Weupe huo una habari zake hapa kwetu. Wakati ule nyeupe ya wachoraji ilitokana na risasi au zinki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuja nyeupe nyingine isiyo na sumu ya risasi na yenye nguvu zaidi ya kufunika, nyeupe ya titani, na leo ndiyo iliyo katika ukuta wa nyumba, katika dawa ya meno na katika bomba la rangi la karibu kila mchoraji. Sehemu kubwa mno ya madini ya titani yanayochimbwa duniani huishia kuwa rangi hiyo. Na kuanzia Februari 2014, meli zilipakia Likoni mchanga mweusi wa ilmenaiti na rutaili uliochimbwa Kwale, nyuma ya Msambweni, mahali palipokuwa vijiji vya Nguluku na Maumba. Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa miaka kumi, basi, ardhi walikozikwa wazee wa Kidigo ilikwenda ng'ambo kuwa weupe. Mtu anaweza kusimama mbele ya mchoro mpya katika mji wowote wa dunia, akaona mwanga juu ya shavu la msichana, na punje ya mwanga huo ikawa imetoka kwetu. Na hapo pia swali la bibi linasimama: kilicho cha thamani kilikuwa cha nani?

Sanduku la Rossetti

Katika miaka ya 1860 Rossetti aliacha visa virefu vya kale na kuanza kuchora kitu kimoja tena na tena: mwanamke mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, nywele nyingi, shingo ndefu, maua, kitambaa cha thamani na vito. Mtu anaposema leo "picha ya mtindo wa Kabla ya Raphael", mara nyingi picha hiyo ndiyo iliyo kichwani mwake.

Chukua *Monna Vanna* ya mwaka 1866, iliyoko katika jumba la sanaa la Tate mjini London. Mwanamke ameshika kipepeo cha manyoya. Sketi na mkono wa gauni ni vya rangi nyeupe na dhahabu, mkono wenyewe umevimba kama tanga lililopata upepo. Shingoni ana mizunguko ya marijani nyekundu, ile ambayo Waswahili wa zamani waliiita fedhaluka. Kwenye nywele pana kibanio cha lulu kilichojizungusha kama kombe la konokono. Ukikikaribia, utaona kila lulu imepewa nukta yake ya nuru.

Aliyekaa mbele ya mchoraji aliitwa Alexa Wilding. Alikuwa mshonaji nguo aliyetamani kuwa mwigizaji. Rossetti alimwona barabarani, akamwomba akae achorwe, na baadaye akamlipa kila wiki ili asichorwe na mtu mwingine. Marijani haikuwa yake. Kibanio hakikuwa chake. Rossetti alipenda kuzunguka maduka ya vitu vya kale mjini London akinunua vitambaa, vyombo na mapambo, mengine ya bei nafuu tu, na mapambo hayo aliyaweka nyumbani kwake kuwavisha wanawake aliowachora. Ukizitazama picha zake kwa mpangilio utakiona kibanio kilekile cha konokono kikirudi kichwani mwa mwanamke mwingine, na marijani ileile shingoni mwa mwingine tena. Nyuso zinapishana, na vito vinabaki palepale.

Basi jibu la London ni hili: kito ni cha mchoraji. Mwanamke anakiazima kwa saa chache, anakivua, anarudi kwake. Na kwa kuwa kito kinabaki na mwanamke anaondoka, picha inapewa jina la kubuni. *Monna Vanna* si jina la mtu aliyekaa pale.

Fanny Eaton na mtoto asiye na jina

Mwaka 1861 Joanna Boyce Wells, mmoja wa wanawake wachache waliochora kwa mtindo huo, alimkalisha mbele yake mwanamke mweusi. Uso umegeuka upande, nywele zimefungwa na kupambwa, kipuli kinaning'inia sikioni, kitambaa laini kimepita mabegani. Ilikuwa kazi ya matayarisho: Joanna alikusudia kuchora picha kubwa ya kahini wa kale wa kike. Hakuifikia. Alifariki mwaka huohuo baada ya kujifungua, akiwa na miaka 29. Kazi ya matayarisho ikabaki, na leo iko katika kituo cha sanaa ya Uingereza cha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Mwanamke yule aliitwa Fanny Eaton. Alizaliwa Jamaica mwaka 1835, miaka michache tu tangu Uingereza ipitishe sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake, akafika London, akaolewa, akazaa watoto kumi na kufanya kazi za nyumba za watu. Simeon Solomon alimchora kuwa mama wa Musa katika picha iliyoonyeshwa mwaka 1860. Rossetti pia alimweka katika *Mpendwa*, picha ya bibi harusi aliyoimaliza mwaka 1866, lakini nyuma, nusu ya uso ikichungulia kati ya wasindikizaji.

Mbele kabisa ya picha hiyo, chini ya bibi harusi mweupe anayefunua shela, yuko mtoto mweusi aliyeshika chombo cha dhahabu chenye mawaridi. Ana kidani kifuani. Rossetti alimkuta London akiwa amefuatana na bwana wake Mmarekani. Jina lake halikuandikwa. Tunajua mtindo wa kidani, tunajua aina ya maua, na mtoto mwenyewe tunamjua kwa rangi ya ngozi tu, rangi ambayo mchoraji aliihitaji ili weupe wa bibi harusi uzidi kung'aa.

Nikiwa mbele ya mtoto huyo akili yangu hurudi Pwani. Lugha yetu imewapa watu majina ya vito: Lulu, Johari, Marijani, Almasi, Feruzi, Yakuti. Leo ni majina ya fahari, na mama akimwita mwanawe Lulu anaiambia dunia nzima thamani yake. Lakini katika karne ya 19 mengi ya majina hayo, Feruzi na Almasi na Marijani, waliitwa watumwa, wanaume kwa wanawake, na walipewa na mabwana zao. Bwana alimwita mtu kito kwa maana ileile aliyokuwa na kito: alimmiliki. Ukifika Shimoni, kusini ya Msambweni, wenyeji watakuingiza katika mapango ya matumbawe na kukusimulia watu waliofungiwa humo wakingoja jahazi. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Bibi alizaliwa chini ya miaka arobaini baada ya hapo. Kwa hiyo kuuliza kito ni cha nani katika ufuo huu si swali la mapambo peke yake. Kuna waliokuwa wenyewe ndio kito.

Picha zetu zilipopigwa

Mwaka ule wa 1866 Rossetti alipokuwa akichora marijani ya *Monna Vanna*, binti mmoja wa Unguja alikuwa akipanda meli ya Kiingereza usiku. Alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyekuwa mpenzi wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden mwaka 1867, wakaishi Hamburg, na huko akapigwa picha iliyokuja kujulikana duniani: amevaa mavazi ya kwao, suruali na joho, na vito vyake. Ni picha ya kipindi kilekile, yenye vitu vilevile, nywele na kitambaa na johari. Tofauti ni kwamba aliyevaa anajulikana, na miaka ishirini baadaye, mwaka 1886, alitoa kitabu cha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye alikuwa binti wa mfalme. Wengi hawakupata nafasi hiyo.

Wapiga picha walipofungua studio Unguja na Mombasa, wengi wao wakiwa wametoka Goa na India, wasichana wa Pwani waliketi mbele ya kamera, na kadi za posta zikauzwa kwa abiria wa meli. Ni picha nzuri mno. Unaona majasi makubwa yaliyojaza ndewe za masikio, mitali miguuni, kekee mikononi, kipini, mikufu iliyofuatana kifuani. Unaweza kukadiria uzito wa fedha. Kisha unasoma chini: mrembo wa Kiswahili. Basi. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna mama.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza Joy Adamson, mwanamke aliyezaliwa Opava, ambako leo ni Jamhuri ya Cheki, awachore watu wa nchi hii na mavazi yao ya jadi kabla hayajapotea. Dunia inamkumbuka kwa simba wake, Elsa, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua ya porini, na mkono wa mtu aliyezoea kuhesabu petali ulimfaa alipofika kwenye ushanga. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi akichora mamia ya watu, Pwani na bara, na michoro hiyo ikawa kitabu mwaka 1967. Vijana wa London wa mwaka 1848 wangemwita ndugu yao: kila mkunjo wa kitambaa uko mahali pake. Ninaishukuru kazi hiyo kwa moyo wote, kwa sababu imehifadhi vitu ambavyo hata bibi zetu wamevisahau. Hata hivyo imepangwa kwa makabila. Ukiitazama inakuambia hivi ndivyo walivyovaa watu fulani. Haikukusudiwa kukuambia nani alimpa nani.

Usiku wa kupamba

Ipo picha nyingine ya msichana mwenye vito ambayo sitaweza kukuonyesha, kwa kuwa imekatazwa kupigwa. Nimeiona mara nyingi. Ya mwisho niliiona Ukunda, katika ukumbi ulio hatua chache kutoka barabara ya Diani.

Mlangoni kinamama wawili walikusanya simu. Ndani hakuna mwanamume. Mabuibui yalivuliwa na kuning'inizwa, chumba kikajaa asumini, udi na joto la watu. Taarab ilikuwa ikipigwa. Kisha taa zikabadilika, vigelegele vikapanda, na bibi harusi akaingizwa polepole, hatua moja kwa pumzi mbili, mpaka jukwaani. Akaketi. Hina na piko zilimpanda kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Macho ameyainamisha. Hakucheka, hakuzungumza, hakujikuna. Kwa muda wa zaidi ya nusu saa alikaa hivyo, na kazi yetu ilikuwa kumtazama.

Nikafikiri: hii ndiyo picha waliyoitafuta London. Msichana ametulia, mwanga umemwangukia, kila kito kina nukta yake ya nuru. Lakini sikiliza jinsi inavyotazamwa. Bibi mmoja mbele yangu alinyoosha kidole kidogo tu, kwa adabu, akaanza kumsomea jirani yake kama anayesoma barua. Kidani kile ni mahari yenyewe. Bangili za mkono wa kulia kaletewa na shangazi yake aliye Maskati. Zile za kushoto za mamake mkubwa, kaazima, zitarudi kesho. Kile kikuku cha fedha, tazama, kile kilikuwa cha nyanyake, sonara wa Mombasa alikifua kwa reale. Alisema kweli ya kihistoria: mafundi wa Pwani na Omani waliyeyusha reale za Maria Theresa, zote zikiwa na mwaka 1780 hata zilizotengenezwa karne moja baadaye, wakapata fedha ya kufulia vikuku.

Wahenga wametuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na mtu anaweza kusema bibi harusi wa Ukunda naye alivaa vya watu kama Alexa Wilding. Ndivyo, sehemu. Tofauti ni kwamba ukumbini kila kitu cha kuazima kilikuja na jina la mwenyewe, na kila jina lilikuwa la mtu anayempenda msichana yule. Aliyevishwa bangili za mama mkubwa amevishwa pia neno lake. Na mahari ni yake yeye, kwa sheria ya dini. Mume hana haki nayo wala ndugu. Mwaka wa shida bangili moja itakuwa ada ya shule, nyingine itakuwa hospitali. Akiba haiozi. Kwa Wadigo wa zamani hata mali ilifuata tumbo la mama, mtu akarithiwa na wana wa dada yake, kabla sheria ya Kiislamu haijachukua nafasi kubwa. Labda ndiyo maana mpaka leo huku kwetu kito huelezwa kwa kupanda ngazi ya wanawake: wa mama, wa nyanya, wa nyanyake nyanya.

Nyuma ya picha

Narudi Msambweni. Nilichukua kalamu, bibi akaweka kidole juu ya picha, nami nikageuza na kuandika nyuma yake, palipokuwa na muhuri wa studio tu.

Kipini, cha mamake. Vipuli, vya dadake mkubwa, aliyemwazima siku ile na baadaye akamwachia kabisa. Mkufu wa dhahabu, mahari, uliotangulizwa na mchumba. Vikuku viwili, vya shangazi yake wa Gazi, naye alivipata kwa mamake. Bibi akafungua kile kitambaa chenye fundo. Ndani kulikuwa na kikuku kimoja, kimelika ukingoni, kizito kuliko kinavyoonekana.

"Cha pili kiko wapi?"

"Cha pili ni mamako," akasema. "Alipokwenda sekondari."

Ukabaki uzi wa lulu, kile kitu kizuri kuliko vyote pichani, kinachovuta jicho kabla ya uso. Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Ule ulikuwa wa fundi wa picha. Ulining'inia msumarini kando ya pazia, na kila msichana aliyeingia alivishwa kabla ya kuambiwa akae wima. Sikumwamini sana mpaka miezi iliyofuata, nilipokuwa nikipita nyumba za wazee wa Msambweni na Gazi nikiomba kutazama picha za zamani. Niliukuta tena mara tatu, shingoni mwa wasichana watatu wasiojuana, pazia lilelile nyuma, ngazi zilezile zisizofika popote. Lulu za kioo. Kibanio cha konokono cha Rossetti kilikuwa kimetufikia, kikabadilika sura kidogo, nasi tukakaa wima.

Sikuufuta. Niliandika: uzi wa lulu, wa studio. Nao ni sehemu ya kweli ya siku ile. Msichana wa miaka kumi na saba aliufurahia, na ana haki ya kuukumbuka. Lakini sasa anayeishika picha hii anajua kipi kilirudi msumarini na kipi kilimsomesha mama yangu.

Nilipomaliza nilimsomea bibi orodha yote polepole. Alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kwa kila jina. Nilipofika mwisho akayafumbua.

"Umesahau kimoja."

Nikageuza picha, nikatazama mikono, masikio, shingo, pua. Nikasema sikioni kilichobaki.

"Uso," akasema. "Hujaandika ni wa nani."

Nikaona haya, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaandika wenye vito wote nikamwacha mwenye sura. Nikashika tena kalamu. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo chini ya muhuri, nikabana herufi, nikaandika jina lake, na la mamake, na la nyanyake mzaa mama.